Mwandiko wa mtoto unasumbua? Anza na dalili, fimbo weka pembeni

Malalamiko ya mwandiko ni yaleyale kila muhula. Ukikaa na wazazi wa Igoma au wa Pasiansi, wa shule za Kayumba au wa ingilishi midiam, utasikia mwanangu anaandika kama kuku kaparua, ticha anasema mwandiko wake hausomeki, akili anayo ila daftari halitazamiki. Na dawa inayotolewa nayo ni ileile, rudia ukurasa mzima, rudia mara mia, ukikosea fimbo. Mimi nafundisha madarasa ya chini hapa Mwanza na msimamo wangu ni kwamba usikague daftari, kagua mtoto akiwa anaandika. Daftari linakuambia tatizo limeshatokea, mtoto mwenyewe ndo anakuonyesha linatokea wapi. Kaa pembeni yake dakika tano bila kusema chochote, angalia miguu, kiti, karatasi, vidole, macho, kwa mpangilio huohuo kutoka chini kwenda juu, afu ndo utafute dalili yake hapa chini. Sababu nimezipanga inayotokea sana kwanza, na vitu vya kujaribu vinaanza na visivyo na gharama.

Jambo moja la umri kwanza. Mtoto wa miaka minne au mitano anayejaza nusu ukurasa kwa herufi moja, anayegeuza S na Z, huyo haumwi, anakua. Mwongozo huu ni wa walioanza la kwanza na kuendelea.

ANABONYEZA SANA, PENSELI INAVUNJIKA KILA SAA, MKONO UNAUMA

Hii ndo inaongoza. Geuza ukurasa alioandika upitishe kidole kwa nyuma, ukisikia herufi zimetuna kabisa bas anabonyeza kupita kiasi.

Sababu ya kwanza mara nyingi ni kiti. Mtoto kakaa kwenye kiti cha mtu mzima, miguu inaning'inia, meza inamfika kifuani, sasa mwili wote hauna pa kuegemea na nguvu yote inahamia kwenye vidole. Weka tofali, au debe limelazwa, chochote miguu ikanyage flati. Kiwiko kikiwa kimekunjwa kiwe usawa wa meza au chini yake kidogo tu, kama meza ni ndefu mkalishe juu ya mto mgumu au blanketi lililokunjwa. Anayeandika amelala kifudifudi kwenye mkeka au kitandani mwondoe huko, homuweki ya kuchora sawa, ya mwandiko hapana.

Sababu ya pili ni anavyoshika. Ushikaji unaofundishwa ni dole gumba na kidole cha shahada vinabana, cha kati kinabeba kwa chini, na vidole viko kama sentimita mbili tatu kutoka kwenye ncha. Ila msiwe wakali sana hapa maana kuna watoto wanabeba kwa vidole vinne na wanaandika safi tu bila maumivu, huyo mwache. Wa kurekebisha ni anayeshika ngumi, anayezungushia dole gumba juu ya vidole vingine, au anayeshika nchani kabisa mpaka hauoni anachoandika. Njia rahisi kuliko zote: kata penseli katikati. Penseli fupi haina nafasi ya ngumi, vidole vinajipanga vyenyewe. Nyingine, mpe kipande kidogo cha pamba akibane kwenye kiganja kwa kidole cha mwisho na cha pete, vile viwili vikiwa na kazi yao vile vitatu vinabaki huru kuandika.

Ya tatu ni penseli yenyewe. Zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa mafungu zingine risasi yake ni ngumu, haitoi rangi, kwaiyo mtoto anakandamiza ili ionekane. Jaribu wewe mwenyewe kuandika bila nguvu, ikiandika hafifu tupa, tafuta HB, na kwa mtoto anayebonyeza sana 2B ni laini zaidi inaandika kwa kugusa tu.

Ukishamaliza hayo matatu na bado anakandamiza, mwekee karatasi juu ya khanga iliyokunjwa mara nne aandikie hapo. Akikandamiza karatasi inatoboka, anajifunza mwenyewe kulegeza bila wewe kupiga kelele. Kidogo kila siku, mistari miwili mitatu inatosha.

Simama hapa umpeleke hospitali kama vidole au viungo vya mkono vinavimba, vina joto, au vinauma hata asipoandika. Huku kwetu Kanda ya Ziwa ugonjwa wa selimundu (sikoseli) upo sana na maumivu ya mikono kwa mtoto wa selimundu sio uvivu wa kuandika, asilazimishwe.

MWANDIKO HAFIFU, UNATETEMEKA, HERUFI ZIMELEGEA

Kinyume cha hapo juu. Mara nyingi ni misuli ya mkono tu haijakomaa, na hii naiona zaidi kwa watoto waliokua na simu mkononi kuliko wanaotumwa kazi ndogondogo. Kazi za nyumbani ndo mazoezi yenyewe: kupukuchua mahindi, kuchambua dagaa kutoa mawe na uchafu, kubana na kubandua vibanio vya nguo kwenye kamba, kukanda unga, kukata karatasi na mkasi, kufunga vifungo vya shati mwenyewe badala ya dada wa kazi kumfungia kila asubuhi. Udongo wa mfinyanzi mzuri sana. Kuandika ukutani au mlangoni kwa chaki pia kunasaidia kwa sababu mkono ukiwa juu kifundo kinajikunja kwenda nyuma, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kukaa wakati wa kuandika.

Kuna wazazi wanapeleka watoto ufukweni waandike kwenye mchanga, wazo zuri ila waandike mbali na maji wasiingie kucheza mle, kichocho hakina urafiki na mtu. Mchanga wa uani unatosha kabisa.

Akizoea, jaribu karatasi ya kaboni: weka karatasi, kaboni, karatasi, mwambie aandike mpaka nakala ya chini isomeke. Watoto wanaipenda hii kuliko zote.

Kama pamoja na mwandiko anaangusha vitu ovyo, kufunga kamba za viatu hawezi akiwa na miaka nane tisa, kudaka mpira hawezi, anajikwaa sana, hilo sio la mwandiko peke yake. Muulizie mtoa tiba kwa vitendo, hospitali ya rufaa kama Bugando au Sekou Toure ndo pa kuanzia kuuliza. Huyo ni mtaalamu wa mikono na shughuli za kila siku, sio daktari wa kuandika dawa, kwaiyo usikate tamaa akikupa mazoezi badala ya vidonge.

HERUFI HAZIKAI KWENYE MSTARI, KUBWA NA NDOGO ZIMECHANGANYIKA

Angalia kwanza kama kuna mtu aliwahi kumwonyesha herufi zinakaa wapi. Wengi hawajawahi, waliambiwa tu andika vizuri. Herufi zina urefu wa aina tatu: fupi (a, e, i, m, n, o, r, s, u, v, w, z), zinazopanda juu (b, d, f, h, k, l, t), na zinazoshuka chini ya mstari (g, j, p, y). Mtoto anayeweka p na y zote juu ya mstari ukurasa wake utaonekana mchafu hata kama kila herufi kaichora vizuri. Chukua rula na kalamu ya rangi, piga mstari wa katikati kwenye kila mstari wa daftari, fupi zisivuke hapo. Neno la kufanyia zoezi liwe na aina zote tatu, kwa mfano "gari la babu" au "kiboko" afu "yai".

Ya pili, herufi kubwa katikati ya neno, "BaBa", "kaDi". Asilimia kubwa ya hawa walianzia chekechea iliyowafundisha ABC kubwa kabla ya ndogo, zimewakaa mkononi. Ila wengine wanafanya kwa akili, wanakwepa b na d kwa sababu hawana uhakika zinaangalia wapi, B na D kubwa hazichanganyi. Ukiona kubwa zake ni hizo mbili tu nenda moja kwa moja sehemu ya b na d huko chini.

Ya tatu, nyumbani wanafundisha hati ya kuunga na shule inafundisha herufi moja moja, au kinyume chake, mtoto anachanganya. Muulize mwalimu wake anatumia ipi, fuateni hiyo moja. Mjomba mwenye hati nzuri ya kuunga asubiri kwanza.

Na kama mistari haioni vizuri? Soma sehemu ya kunakili ubaoni.

MANENO YAMEBANANA AU SILABI ZIMEACHANA

Hili la silabi ni letu kabisa. Tumewafundisha kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, kwaiyo mtoto anaandika kama anavyotamka, "ma ma a na pi ka u ga li", nafasi kati ya silabi sawasawa na nafasi kati ya maneno. Hana mwandiko mbaya, hajui tu neno linaishia wapi. Mwambie aseme sentensi kwa sauti huku akipiga makofi kwa kila neno zima, mama, anapika, ugali, makofi matatu, afu aandike mafungu matatu. Kidole cha shahada cha mkono mwingine kinawekwa baada ya kila neno kama kipimo cha nafasi. Daftari la hesabu lile la maboksi nalo linasaidia, herufi moja boksi moja, boksi tupu kati ya maneno, wiki mbili tatu afu unarudi kwenye mistari.

Wanaobananisha kila kitu mara nyingi wanaogopa karatasi kuisha. Kuna nyumba mtoto kaambiwa daftari hili lifike mpaka muhula uishe, sasa anabana. Mpe karatasi za kuchezea, nyuma ya kalenda ya mwaka jana, nyuma ya fomu za zamani.

Na ile ya kuandika "kura" badala ya "kula", au "mulango", hilo ni la matamshi na tahajia. Lisahihishwe kwenye imla, msilichanganye na mwandiko mkamchapa mtoto kwa makosa mawili kwa wakati mmoja.

B NA D ZINAGEUKA, BABA ANAKUWA DADA

Mpaka karibu miaka saba ni kawaida, sina wasiwasi nayo kabisa. Baada ya hapo ndo unaifanyia kazi.

Sababu kubwa ni mwanzo wa mkono. Mtoto anachora b kwa kuanza na duara afu anatafuta fimbo aiweke upande gani, hapo ni kubahatisha. Kila herufi ina pa kuanzia: b inaanza na fimbo kutoka juu kushuka, inarudi juu kidogo afu tumbo. d inaanza na c, inapanda juu kabisa, inashuka. Yani d ni ndugu wa a, g na o, zote zinaanza na c. b ni ndugu wa h, k, n, p, zote zinaanza na kijiti. Ukizifundisha kwa koo hivi badala ya kwa alfabeti, kuchanganya kunapungua sana kwa sababu mkono unaanza sehemu mbili tofauti.

Usizifundishe siku moja. Shika b peke yake mpaka imekaa, "baba, bibi, babu, boga". Siku nyingi baadaye d, "dada, dodo". Mwisho kabisa ndo maneno yenye zote, "bado, debe, bidii". Aziandike kwenye mchanga au hewani kwa mkono mzima kabla ya penseli.

Akiwa na miaka minane na kuendelea na bado anageuza, na kusoma pia kunamsumbua, anaruka maneno, leo analijua neno kesho halijui, hapo sio mwandiko tena. Ongea na mwalimu mkuu, ulizia walimu wa elimu maalumu. Kutukana kwamba hana akili hakutasaidia, wengi wa hawa ukiwauliza kwa mdomo wanajibu kuliko wenzao.

ANAANZA VIZURI, UKURASA UKIISHA HAUSOMEKI

Kachoka. Hakuna siri hapa. Dakika kumi za mwandiko kila siku zinazidi saa nzima ya Jumapili jioni. Punguza mistari, na akimaliza mstari mwambie azungushie herufi yake bora kuliko zote. Wewe usizungushie mbaya. Na kama homuweki inafanyika saa tatu usiku umeme umekatika kwa mwanga wa tochi ya simu, hamisha iwe mchana. Mwanga uje upande ambao sio wa mkono unaoandika, la sivyo mkono unajitilia kivuli.

NI WA MKONO WA KUSHOTO

Mwache. Najua bibi hatakubali, na wapo wanaofunga mkono kitambaa mpaka leo. Kama ni adabu ya kula na kusalimia mfundisheni kulia, ila penseli iachieni mkono aliouchagua mwenyewe, mtoto akilazimishwa mnapata mwandiko mbaya wa kulia na hofu juu yake.

Matatizo yake halisi ni mawili, anafuta alichoandika kwa kiganja na anapinda kifundo kama ndoano ili aone. Yote yanatibiwa na karatasi: ilaze ielekee kulia, kona ya juu ya kushoto iwe juu zaidi, na isogezwe kidogo upande wa kushoto wa mwili. (Wa kulia wao wanailaza kuelekea kushoto.) Ashike penseli juu kidogo kuliko wenzake, kama sentimita tatu nne kutoka nchani, na mkono ukae chini ya mstari.

Afu dawati. Shuleni wanakaa watatu, wanne, na wa kushoto akiwekwa katikati kiwiko chake kinagongana na cha jirani siku nzima, wote wawili wanaharibu. Mwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto. Ni ombi la dakika moja na mara nyingi linamaliza kesi.

ANANAKILI POLEPOLE, HAMALIZI, ANARUKA MANENO YA UBAONI

Nyumbani kwenye kitabu anaandika sawa, ubaoni hoi? Fikiria macho kabla ya uvivu. Vipimo vya kienyeji: mkisimama kituoni mwambie asome maandishi ya mbele ya daladala linalokuja, Buhongwa, Kisesa, Igoma, na wewe usome, uone anachelewa kiasi gani. Rudia akiwa kafunika jicho moja, afu lingine, maana jicho moja linaweza kuwa bovu na mtoto asijue kabisa. Anayefinya macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayelaza uso juu ya daftari, huyo apimwe macho. Umbali mzuri wa daftari ni kama urefu wa kutoka kiwiko chake mpaka ngumi.

Usimnunulie miwani ya mnadani. Na usichelewe, jicho lililolegea, yani lisiloona vizuri kama mwenzake, likigundulika mtoto akiwa mdogo, kabla ya miaka saba nane, linatibika vizuri zaidi kuliko baadaye. Ukiona mboni moja inaenda pembeni au kuna weupe ndani ya mboni nenda kitengo cha macho wiki hiyohiyo.

Macho yakiwa mazima, sababu ya pili ni kwamba ananakili herufi moja moja, anainua kichwa, m, anainua kichwa, a. Huyo kusoma bado hakujakaa, mwongeze kusoma na mwandiko utafuata wenyewe.

KAANZA PENI, MWANDIKO UMEHARIBIKA

La tatu au la nne hivi wengi wanahamia peni na kila kitu kinaporomoka kwa muda. Peni inateleza, haifutiki. Mwache aandike notsi kwa peni na mwandiko kwa penseli kwa wiki kadhaa, peni isiwe ya kuvuja, na ncha yake isiwe nyembamba sana. Inapita.

ALIKUWA ANAANDIKA VIZURI, GHAFLA KAHARIBIKA

Hapa achana na mazoezi yote ya juu.

Kama imetokea ndani ya saa au siku moja, mkono mmoja umelegea, mdomo umepinda, kuongea kunamshinda, anaanguka upande mmoja, hiyo ni dharura, hospitali sasa hivi usiku huohuo. Watoto wa selimundu wanapata kiharusi, wazazi wengi hawajui kwamba mtoto anaweza kupata.

Kama imetokea kwa siku au wiki chache, mikono na uso vinachezacheza vyenyewe, anaangusha vikombe, analialia bila sababu, na huko nyuma aliumwa koo na homa, mpeleke hospitali aangaliwe na moyo pia. Kuna ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo unaofanya hivi kwa watoto wa shule, na walimu wanawaadhibu wakidhani ni utundu. Dawa za kienyeji na maombi msiache kama ni imani yenu ila visitangulie.

Kama kaharibika polepole baada ya kuhama shule, msiba nyumbani, au kuna mtu anamwogopa, muulize kwa upole mkiwa wawili tu, jioni, bila daftari mezani. Ukisikia jambo la kupigwa au kuguswa vibaya, dawati la jinsia na watoto polisi au ofisi ya ustawi wa jamii ndo pa kwenda.

Ukienda hospitali kwa sababu yoyote kati ya hizi, beba madaftari mawili, la miezi kadhaa nyuma na la wiki hii, yenye tarehe. Daktari akiyaweka pamoja anaona kwa macho kitu ambacho wewe utashindwa kumweleza.